Redio binafsi za muziki Tanzania: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huletwa zaidi na wanafunzi wa utangazaji, vijana wanaotamani kufungua redio zao, na wapenzi wa muziki waliozaliwa FM ikiwa imeshazoeleka. Pale historia ilipo nene nimejibu kwa kirefu, na maoni yangu sikuyaficha. Naamini redio hizi na muziki wa kizazi kipya vililelewa pamoja, na kwamba malezi hayo yalianza mapema kuliko wengi wanavyodhani.

Redio ya kwanza binafsi ya muziki ilianza lini?

Kwa Tanzania Bara, mwaka wa kukumbuka ni 1994, Radio One ilipoanza kusikika Dar es Salaam chini ya IPP, kampuni ya marehemu Reginald Mengi. Radio One haikuwa ya muziki peke yake. Ilikuwa na habari, michezo na mijadala, ila vijana waliifuata kwa ajili ya nyimbo. Redio iliyosimamishwa juu ya muziki na burudani tangu msingi ni Clouds FM, iliyoanza kurusha matangazo 1999, na ndiyo maana watu wawili wanaweza kubishana kuhusu "ya kwanza" na wote wakawa na hoja.

Majirani nao walikuwa katika mwendo uleule. Uganda ilitutangulia kidogo kwa Radio Sanyu mwishoni mwa 1993 na Capital Radio mwanzoni mwa 1994. Kenya ilipata Capital FM 1996, kisha Kiss FM mwaka 2000.

Kabla ya hapo watu walisikiliza nini?

Walisikiliza redio ya serikali, na naomba tukae hapa kidogo maana ndipo watu wengi wanaporuka.

Utangazaji wa Tanganyika ulianza Dar es Salaam mwaka 1951 kwa matangazo madogo ya majaribio yaliyoitwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1965 serikali iliishika redio moja kwa moja, na ndipo likaja jina ambalo wazee wetu hulitaja hadi leo kwa heshima: Radio Tanzania Dar es Salaam, au RTD. Ilitumia masafa ya kati na masafa mafupi, kwa hiyo mtu wa Kigoma na mtu wa Lindi waliweza kusikia wimbo mmoja kwa saa moja.

Nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi iliyotaka sahani yake iuzwe madukani ilibidi ifunge safari ya Nairobi, na mpaka ulipofungwa 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, njia hiyo nayo ikawa ngumu. Studio ya RTD ikabaki kimbilio. NUTA Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Western Jazz na wenzao waliingia pale wakapiga mbele ya maikrofoni chache, wimbo mzima kwa mkupuo mmoja, ukahifadhiwa kwenye mkanda wa rili. Nyimbo nyingi za namna hiyo hazikupata kuuzwa popote. Zilisikika hewani tu, na waliozisikia ndio waliojaa dansini Jumamosi.

Biashara pia haikuwa ngeni redioni. RTD ilikuwa na Idhaa ya Biashara iliyopokea matangazo ya bidhaa. Halafu kulikuwa na vipindi vya salamu, ambavyo kwangu ndiyo shule halisi ya redio zote zilizofuata: msikilizaji anachagua wimbo, anataja msururu wa ndugu, majirani na marafiki wa kuwasalimia, na mtangazaji anasoma majina yote bila kuchoka. Baadaye kadi za salamu zikawa bidhaa ya kununuliwa dukani, na watuma salamu wakajulikana nchi nzima kwa majina ya utani. Redio za binafsi zilipokuja zilimkuta msikilizaji ameshazoea kudai nafasi yake hewani.

Kwa nini mlango ulifunguliwa miaka ya 1990 na si kabla?

Kwa sababu siasa na uchumi vilifunguliwa wakati huohuo. Vyama vingi vilirejeshwa 1992. Mwaka uliofuata ikapitishwa Sheria ya Huduma za Utangazaji, 1993, iliyoruhusu watu na kampuni kumiliki redio na televisheni na kuunda Tume ya Utangazaji ya kutoa leseni. Uhuru huo ulikuwa na mipaka. Mwanzoni kituo binafsi hakikuruhusiwa kufikia zaidi ya asilimia 25 ya nchi, kwa hiyo sauti ya taifa zima ilibaki mikononi mwa serikali.

Mwaka 2003 tume hiyo iliunganishwa na ile ya mawasiliano, ikazaliwa TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo hutoa leseni kwa ngazi ya wilaya, mkoa au taifa. Zanzibar ina sheria yake na Tume yake ya Utangazaji, hivyo simulizi hii ni ya Bara zaidi.

Kwa nini redio hizi zote zilikwenda FM?

Sababu ya kwanza ni sauti. Katika AM, mfumo wa redio za masafa ya kati na mafupi, sauti husafiri kwa kupandisha na kushusha nguvu ya wimbi, na radi, mota au nyaya za umeme nazo hugusa nguvu hiyohiyo, kwa hiyo unasikia mikwaruzo. FM hubadilisha kasi ya mitetemo badala ya nguvu yake, na mikwaruzo mingi huachwa nje. Mmarekani Edwin Armstrong alipewa hataza za mfumo huo 1933. Kwa muziki tofauti ni kubwa: besi inasikika, sauti ya juu inasikika, na ukiwa na spika mbili unapata stirio.

Sababu ya pili ni gharama. Mtambo wa FM wa kuhudumia mji mmoja ni mdogo na rahisi kuumudu ukilinganisha na mitambo ya masafa mafupi. Hasara yake ni umbali. Bendi ya FM iko kati ya megahezi 87.5 na 108, mawimbi yake yana urefu wa mita 3 hivi na husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kilima kikisimama katikati, msikilizaji wa upande wa pili anakosa. Kila mkoa mpya unahitaji mnara na mtambo wake. Ndiyo maana mtangazaji huorodhesha masafa ya miji mmojammoja kabla ya kipindi kuanza.

Ni kweli Clouds FM ilitokana na disko?

Ndiyo, na jambo hili lina uzito kuliko linavyochukuliwa. Joseph Kusaga alikuwa dijei na mmiliki wa disko lililoitwa Clouds kabla hajawa mmiliki wa redio. Watu wa disko hilo ndio waliokuwa nyuma ya studio ya Mawingu, iliyorekodi baadhi ya nyimbo za mwanzo za vijana katikati ya miaka ya 1990.

Fikiria maana yake. Mtangazaji wa shule ya zamani alifundishwa matamshi, taarifa ya habari na nidhamu ya studio, na ilikuwa elimu njema. Dijei alifundishwa na ukumbi. Alijua wimbo gani unawainua watu vitini, upi unawarudisha kukaa, na dakika gani ubadilishe mwendo. Watu wa aina hiyo walipopewa maikrofoni, redio ilianza kuongea kama vijana wanavyoongea: haraka, kwa misemo ya mtaani, muziki ukiwa chini ya sauti. Wazazi wengi walilalamika kwamba Kiswahili kinaharibiwa. Malalamiko yao yalikuwa na ukweli ndani yake, lakini vijana walisikia kwa mara ya kwanza redio inayozungumza nao badala ya kuwahutubia.

Ruge Mutahaba alijiunga na Kusaga na kuwa injini ya vipindi na mikakati. Vipindi kama Power Breakfast, Leo Tena, XXL na Jahazi viligawa siku kwa msikilizaji: asubuhi ya anayejiandaa kwenda kazini, mchana wa aliye nyumbani au saluni, alasiri ya kijana, jioni ya aliyekwama kwenye foleni. Redio ikatoka pia studio na kwenda uwanjani kwa tamasha la Fiesta linalozunguka mikoani, na Ruge akasimamia Tanzania House of Talent, THT, iliyolea waimbaji wengi. Alifariki Februari 26, 2019, akazikwa kwao mkoani Kagera, na msiba wake ulionyesha jinsi mtu wa redio anavyoweza kuwa mtu wa taifa.

Jina Bongo Flava lilitoka redioni?

Anayetajwa zaidi kuwa wa kwanza kulitumia hewani ni Mike Mhagama wa Radio One, mwaka 1996, katika kipindi cha DJ Show. Alitaka kutenganisha nyimbo za vijana wa nyumbani na R&B na hip hop za Marekani zilizopigwa katika kipindi hichohicho.

Muziki wenyewe ulikuwapo. Saleh Jabir alikuwa ameshachana kwa Kiswahili juu ya midundo ya Wamarekani mwanzoni mwa muongo huo, na kundi la Kwanza Unit lilikuwa na wafuasi wake mjini. Kilichokosekana ni mlango wa kutokea. Msambazaji wa kaseti wa Kariakoo hakuwa tayari kutoa fedha yake kwa kijana asiyejulikana, na jamii iliuita muziki huu wa kihuni. Redio ya binafsi ilivunja ukuta huo kwa sababu ya mahitaji yake yenyewe: ilikuwa na saa nyingi za kujaza, watangazaji wake walikuwa rika moja na wasanii, na wimbo wa nyumbani uliwafanya wasikilizaji wapige simu. Studio kama MJ Records ya Master Jay na Bongo Records ya P-Funk zikawa zinatoa kazi mpya mfululizo, na redio ikawa inazitambulisha. Wimbo ukishasikika, msambazaji anamtafuta msanii mwenyewe.

Kwa hiyo ukiniuliza nani alimtengeneza mwenzake, nitakwambia redio hizi zisingekuwa na sura ya Kitanzania bila Bongo Flava, na Bongo Flava isingetoka Dar es Salaam kufika Mbeya na Mwanza kwa kasi ile bila redio. Umaarufu huo uliwafikisha baadhi ya wasanii mbali na jukwaa. Joseph Mbilinyi, Sugu, alichaguliwa mbunge wa Mbeya Mjini 2010, na Professor Jay akachaguliwa Mikumi 2015.

Nje ya Dar es Salaam je?

Mwanza haikusubiri kulishwa. Radio Free Africa ya kampuni ya Sahara, iliyoanza miaka hiyohiyo ya 1990, ilijenga jina kubwa Kanda ya Ziwa na kwingineko, na vipindi vyake vya salamu vilikuwa na wafuasi wa kudumu. Arusha nayo ilipata redio zake mapema na ikakuza hip hop yenye ladha ya kwao. Historia ya redio za mikoani inahitaji kuandikwa na watu wa mikoa hiyo, na ningefurahi kuona wanafunzi wa vyuo wakiichukua kama mada za utafiti badala ya kurudia Dar es Salaam kila mwaka.

Kwa nini Tanzania haina redio za muziki za lugha za makabila kama Kenya na Uganda?

Masharti ya leseni yanataka Kiswahili au Kiingereza. Uganda ilipata CBS ya Kiganda mwaka 1996, na Kenya ikapata Kameme FM ya Kikuyu mwaka 2000, kisha nyingine nyingi zikafuata. Kwetu kijana wa Kihaya na wa Kimakonde walichana kwa lugha moja kwa soko moja. Faida yake kwa muziki ilikuwa kubwa sana. Gharama yake pia ipo: ngoma na nyimbo za asili zenye lugha zake zilipata nafasi finyu hewani, nyingi zikabaki kwenye mikanda ya RTD tu.

Redio ya muziki inapataje fedha?

Msikilizaji halipi kitu. Anayelipa ni mtangaza biashara, na anacholipia ni masikio yenu. Kuna tangazo lililorekodiwa la sekunde 30 au 60. Kuna udhamini, ambapo jina la kampuni linatajwa kila kipindi kinapofunguliwa na kufungwa. Kuna tangazo la mdomo, mtangazaji analisoma mwenyewe katikati ya maongezi, na hili hupendwa kwa sababu watu wanamwamini mtangazaji wao. Juu ya hayo kuna matamasha na matangazo ya nje, gari la redio linapokwenda sokoni au kwenye ufunguzi wa duka.

Kipindi cha asubuhi ndicho chenye bei, tangu saa 12 hadi saa 3 au 4, watu wakiwa njiani na masikio hayajachoka. Ndiyo maana asubuhi utasikia maongezi na magazeti kusomwa kuliko nyimbo. Bia, sabuni na vinywaji baridi vilianza, kisha miaka ya 2000 kampuni za simu zikaingia kwa kishindo, na hapo redio nyingi zikapumua.

Nani anaamua wimbo upigwe, na "kubaniwa" ni nini?

Kwa utaratibu, anaamua mkuu wa vipindi pamoja na meneja wa muziki. Nyimbo mpya husikilizwa, zinazopita zinapangwa katika makundi: zinazorudiwa mara nyingi kwa siku, za wastani, na za zamani za kukumbushia. Kisha programu ya kompyuta huzipanga ili wimbo mmoja usikutane na mwenzake wa msanii yuleyule.

Mtindo huu si wetu. Mapema miaka ya 1950 Todd Storz, mmiliki wa redio mjini Omaha, Marekani, alianza kurudia nyimbo chache zinazopendwa zaidi badala ya kuchanganya kila kitu, na mtindo huo ukajulikana kama Top 40. Nguvu ya kuchagua ilipokaa mikononi mwa wachache, hongo ikafuata. Mwaka 1959 na 1960 Bunge la Marekani lilichunguza malipo ya siri kwa madijei, na dijei maarufu Alan Freed alipoteza kazi. Programu ya kupanga nyimbo iitwayo Selector ilikuja 1979 na kuhamishia sehemu ya uchaguzi kwenye mashine.

Kwetu msanii asiyepigiwa wimbo husema amebaniwa. Wakati mwingine wimbo ni mbovu, na hilo msanii hapendi kulisikia. Wakati mwingine kuna ugomvi, au kuna aliyeombwa "kitu kidogo". Msimamo wangu ni huu: kituo kinachotumia masafa ya umma, kwa leseni ya umma, kinapaswa kuweka wazi jinsi kinavyopokea na kuchagua nyimbo. Barua pepe moja ya kupokelea kazi, siku moja ya kusikiliza kila wiki, na jibu fupi kwa kila msanii vingetosha kuondoa manung'uniko mengi.

Msanii analipwa wimbo wake unapopigwa?

Kisheria anastahili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ndiyo iliyoiweka COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, na redio inayopiga muziki hewani inatakiwa kulipia mirabaha, yaani malipo ya matumizi ya kazi ya msanii. Kwa miaka mingi wasanii waliona kupigwa tu ni malipo tosha kwa sababu kulileta shoo, na redio zikaizoea hali hiyo. Ni mazoea mabaya. Wimbo ndio unaomleta msikilizaji, msikilizaji ndiye anayemleta mtangaza biashara, na fedha ikifika isimruke aliyeutunga.

Serikali inaweza kuzuia wimbo hewani?

Inaweza. Februari 2018, kwa mfano, TCRA ilizuia nyimbo kadhaa za wasanii wa hapa nchini kwa hoja ya maadili. Kituo kinachokiuka hupewa onyo, faini, au kufungiwa kwa muda.

Taarab, dansi na singeli zilipata nafasi gani?

Dansi, muziki wa bendi, ilipungua hewani Bongo Flava ilipopanda, na wanamuziki wa bendi waliumia kwa haki. Taarab ilikuwa na vipindi vyake vyenye wafuasi wengi, hasa akina mama, kama Mitikisiko ya Pwani ya Times FM. Singeli, muziki wa mwendo wa kasi sana, ilizaliwa kwenye vigodoro, sherehe za mtaani za usiku kucha, huko uswahilini, ikadharauliwa na karibu kila mtu, mpaka E-FM, iliyoanza 2014, ilipoipa muda wa kutosha hewani. Hadithi ya 1996 ilijirudia: muziki ulikuwapo, watu wake walikuwapo, ulihitaji redio ya kuthubutu.

Simu na intaneti zimeua redio?

Hapana, ila zimeinyang'anya ukiritimba wa kutambulisha wimbo. Leo wimbo unaachiwa YouTube na Boomplay kwanza, na redio inaufuata. Hata hivyo Diamond Platnumz, msanii mwenye mamilioni ya watazamaji mtandaoni, bado aliona faida ya kuwa na mnara wake, na Wasafi FM ikaingia hewani 2019. Bodaboda, fundi cherehani na muuza genge hawana kifurushi cha kuchezea siku nzima. Redio wanaipata bure.

Nina kaseti za zamani nilizorekodi redioni. Zina thamani?

Zina thamani kubwa sana. Vituo vingi vya binafsi havikuweka kumbukumbu za miaka yake ya mwanzo, na kanda zilifutwa ili zitumike tena. Sauti za watangazaji, jingo za kwanza, matangazo ya biashara na salamu za 1995 au 2001 zinaweza kuwa zimebaki kwenye droo yako tu.

Usianze kwa kuicheza kwenye redio kaseti mbovu, maana inaweza kuutafuna utepe. Tafuta mashine iliyosafishwa kichwa kwa spiriti, izungushe kaseti mbele na nyuma mara moja ili utepe ulegee, kisha irekodi moja kwa moja kwenye kompyuta kwa waya. Hifadhi faili la WAV, na MP3 iwe nakala ya kutumiana tu. Usikate matangazo wala maongezi ukidhani unasafisha, hayo ndiyo yanayotafutwa. Kaseti yenyewe isimamishe wima ndani ya boksi lake, mbali na jua, vumbi na spika. Kisha andika unachokikumbuka: kituo, mwaka, kipindi, mtangazaji, na mji uliokuwapo uliporekodi.